Maji ya Kwanza ya Irindi

Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye karanga mdomoni amalize kutafuna, maana leo sisimulii ili mpate usingizi. Nasimulia ili mwamue kesi. Kesi yenyewe iliwashinda watu wazima, wenye ndevu na wenye ushungi, na mimi pia imenishinda. Kwa hiyo asije mtu akanivuta shuka mwishoni kuniuliza jibu.

Katika milima ya Upare palikuwa na kijiji kikiitwa Irindi, na hapo Irindi waliishi watu watatu waliojua udongo. Mtasema, nani asiyejua udongo? Tunaulima, tunaukandika kwenye kuta, tunaufinyanga ukawa chungu cha kupikia, na siku zikiisha tunalala ndani yake. Ni kweli. Lakini wao hawakuujua kama wewe unayeukung'uta miguuni kabla ya kuingia ndani.

Wa kwanza ni Mbonea, mchimba makaburi. Akipiga jembe mara tatu alikuambia chini kuna nini: mfinyanzi, changarawe, mwamba au maji. Ukuta wa shimo ukitaka kuporomoka, yeye aliusikia kabla. Watu walimheshimu, ila kwa mbali. Harusini hakualikwa, na akikaribia nyumba yenye mgonjwa, wenyewe walimwomba kwa adabu apitie njia ya juu.

Wa pili ni Nankondo, mfinyanzi. Vyungu vyake vilipikiwa makande kuanzia Irindi hadi tambarare, na mtu akisema "chungu hiki ni cha Nankondo" ilikuwa kama kusema chungu hiki kitakuzika. Shimo la udongo wa kufinyanga lilikuwa chini ya ulinzi wake, kama lilivyokuwa chini ya mama yake na bibi yake. Lilikuwa na mwiko: mwanamume hakanyagi pale, wala haombi udongo ule kwa kinywa chake. Akivunja mwiko, vyungu vya mwaka mzima hupasukia motoni.

Wa tatu ni Nakunda, mwanamke kijana mwenye mimba ya miezi saba, na huyu alikula udongo. Wajawazito wengi hula, najua, na hapa ninapozungumza naona mtu anatazama pembeni. Lakini Nakunda alikula kwa kuchagua. Mfumbe macho, mwekee chembe ulimini, atakuambia huu wa kichuguu, huu wa mtoni, huu wa ukuta ulionyeshewa juzi. Mama mkwe wake alikuwa amempiga marufuku. Alipokubali marufuku hiyo kwa upole, tayari alikuwa amekwangua tundu nyuma ya ghala la mahindi, tundu la kuingia kichwa cha mbuzi.

Hao ndio watatu. Sasa tumfuate Sengondo, mume wa Nakunda, maana mzigo wa hadithi hii ulimwangukia yeye.

Irindi walimwagilia mashamba yao kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo lililojengwa na mababu pale juu, mahali kijito kinapoteremka. Jioni linafungwa kwa kizibo cha gogo, maji yanakusanyika, na asubuhi kizibo kinavutwa, maji yanashuka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Mtu mmoja hushika kizibo kwa niaba ya wote. Baba yake Sengondo alikishika miaka ishirini na saba, na alipofariki kikamwangukia mwanawe. Sengondo alikuwa na miaka thelathini, mpole, mwenye kupenda kusifiwa kuliko alivyopenda kukiri. Sheria ya kizibo ilikuwa fupi: anayekishika, nyumba yake humwagilia mwisho.

Mwaka huo mvua za vuli zilinyesha wiki mbili zikaaga. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua, na kila mkulima anajua maua ya maharage hayana subira. Kijito kikawa chembamba. Na ndiva, ambayo ndiyo ingeokoa watu, ikawa inavuja. Sengondo aliifunga jioni, asubuhi akakuta tope na vyura wawili.

"Enzi za baba yako ilikuwa haivuji," watu walimwambia.

Hawakukosea. Ila enzi za baba yake ndiva haikuwa na nyufa. Mwaka uliotangulia nyufa zilipoonekana, wanaume waliziziba. Mwanamume gani angekwenda kwa Nankondo kuomba udongo uliokatazwa? Na kumtuma mke kuomba kwa niaba yao waliona ni kuomba vilevile, tena kwa aibu zaidi. Basi wakavuka kilima, wakaleta udongo mweupe, laini kama unga, kutoka pale mbuzi wanapopenda kulamba. Ulipendeza kweli kweli. Mwaka huu ilipovuja, wakauongeza. Ikavuja zaidi.

Ukaitwa mkutano wa kijiji, na Sengondo alisimama mbele ya watu wote na masikio yake yakiwaka kwa aibu. Alitaka kusema neno moja kubwa la kiume litakalowanyamazisha. Akainama, akachukua chembe ya udongo, akailamba.

"Mtu atakayeifanya ndiva hii isivuje," alisema, "maji ya kwanza ni yake. Ndiva nzima. Mtu mmoja, si wawili, tusije tukagombana."

Watu wakashusha pumzi. Kiapo cha kulamba udongo, pale Irindi, hakirudi mdomoni. Sengondo alidhani amezuia ugomvi, na jioni ile alikula vizuri.

Kesho yake Nakunda alimpelekea mumewe makande pale ndivani. Wakati anakula, mke aliketi ukingoni, na mkono wake, unaujua tena mkono wa mwenye hamu, ukashuka wenyewe hadi kwenye sakafu ya bwawa. Akaonja. Akakunja uso.

"Nani ametia chumvi huku?"

"Chumvi gani, mke wangu? Umeanza tena?"

"Huu ni udongo wa mbuzi. Una magadi. Hebu niambie, magadi ukiyatia majini yanabaki?"

"Yanayeyuka," alisema Sengondo, na kijiko kikasimama njiani.

"Basi na udongo wake unakwenda nayo. Mmeziba ndiva kwa kitu kinachoyeyuka."

Akashuka ndani. Akapiga magoti na tumbo lake la miezi saba, akaanza kuonja sakafu ile hatua kwa hatua, anatema, anaonja tena. Wanaume waliokuwa wakichota tope walicheka mpaka wakaegemea majembe. Mama Sengondo akaitwa, akaja mbio akiwa na kisu cha kumenyea ndizi.

"Nakunda! Nilikukataza nini?"

"Ulinikataza, mama. Na tundu la nyuma ya ghala ni mimi, si panya. Nisamehe hilo, lakini niache nimalize hili."

Alimaliza alasiri. Mahali pengi chumvi ilikuwa juu juu, lakini mahali pamoja, karibu na ukuta wa kusini, ilizidi kadiri alivyokwangua kwenda chini. Akachomeka kijiti. "Hapa ndipo maji yanapopotelea, na chumvi imeyafuata," alisema. "Chimbeni hapa." Kisha akatapika, na tumbo likamkaza vibaya. Mkunga akamlaza na kumwambia asiinuke kitandani hadi siku ya kujifungua, asilime, asichote maji. Sengondo alimbeba mwenyewe hadi nyumbani, na wale waliocheka waliteremka nyuma yake wakibeba sufuria ya makande.

Penye kijiti akaitwa Mbonea. Alipiga jembe mara tatu, akainamisha sikio. "Fuko," akasema. "Fuko amechimba njia humu, na maji yameipanua. Inakwenda mbali."

Chini ya udongo mweupe palikuwa na tundu la kuingia ngumi, na chini ya hilo la kuingia bega. Mbonea akalifuata. Alichimba siku mbili, kina cha makaburi mawili, mahali penye udongo uliolowa upande mmoja na mkavu upande wa pili, na hakuna udongo mbaya kuliko huo. Hakumruhusu mtu kushuka naye. Watu walijaa ukingoni, na kila alipokaa kimya kidogo walimwita jina lake.

"Tangu nianze kazi hii," Mbonea aliwaambia kutoka chini, "hili ni shimo la kwanza watu wananiombea nitoke."

Siku ya pili, jua likiwa limeelekea magharibi, aliusikia ukuta. Wote walimwona ameusikia, kwa sababu aliinua kichwa. Alikuwa na muda wa kupanda. Lakini jiwe la kuziba mdomo wa ile njia lilikuwa bado mikononi mwake, na kama asingeliweka, kifusi kingeifukia njia nayo ingebaki wazi huko chini mahali pasipojulikana. Akaliweka kwanza. Ukuta ukashuka, ukamfunika hadi kifuani. Walimfukua kwa mikono, akiwa hai, mtulinga wa begani umevunjika.

"Jiwe limekaa?" aliuliza.

Lilikuwa limekaa. Mganga wa mifupa akamfunga bega, akamwambia jembe alisahau mpaka msimu mwingine.

Sasa likabaki shimo kubwa, na sakafu nzima ya ndiva iliyohitaji udongo wa kweli. Wote walijua uko wapi. Sengondo akaenda kwa Nankondo, akaketi uani kwake. Pembeni palikuwa na vyungu thelathini na sita, vimechomwa vizuri, vinasubiri siku ya soko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuomba kitu?"

"Hapana, mama. Sijaomba kitu."

"Vizuri. Usiombe."

Wakakaa. Kuku alipita. Sengondo akasema jua kali, Nankondo akakubali kwamba ni kali. Sengondo akasema Mbonea amevunjika mtulinga, Nankondo akasema amesikia. Sengondo akasema maua ya maharage yameanza kudondoka upande wa juu. Halafu machozi yakamlengalenga, akatazama miguu yake.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Nankondo. "Mimi sijaombwa. Kwa hiyo nikitoa, nimetoa mwenyewe, na mwiko uko palepale. Lakini udongo wangu mtupu hauwatoshi. Ukikauka utapasuka kama visigino vyako hivyo. Unataka kuchanganywa na vigae vilivyosagwa, vigae vingi."

"Tutavipata wapi vigae vingi, mama?"

Nankondo aliinuka, akachukua mchi, akaenda kwenye vyungu vyake, akakipiga cha kwanza. Binti zake walitoka ndani wakipiga kelele, wakadhani mama amerukwa na akili. Alipiga mpaka cha thelathini na sita. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini Nankondo mwaka ule hata gae la kulia hakubaki nalo, maana yote yalisagwa yakaenda ndivani.

Wanawake walichota udongo, wakaupandisha kwa vichwa, wanaume wakasimama kando ya njia wamegeuza nyuso ili wasione unakotoka. Kule juu Nankondo alipima kwa viganja, huku udongo huku vigae, akiwahimiza, "Udongo uwahi ungali maji, jamani, jua halitusubiri." Kijiji kizima kikaingia kuukanyaga, wazee kwa watoto, kwa wimbo, siku nzima. Nadhani siku hiyo hakuna aliyekumbuka nani ana ugomvi na nani. Jioni Sengondo akafunga kizibo, akachomeka kijiti chenye alama.

Asubuhi maji yalikuwa yamepanda vidole vinne. Asubuhi iliyofuata vinane. Hayakurudi chini hata kidole kimoja. Kijito kilikuwa dhaifu, kwa hiyo ndiva ilichukua siku tano kujaa, lakini ilijaa. Watoto walikuja kujitazama nyuso humo, na Mama Sengondo, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, alicheka.

Siku ya sita watu wote walipanda mlimani. Na hapo ndipo Sengondo alipokikumbuka kiapo chake, ingawa sidhani kama aliwahi kukisahau.

"Gawa mara tatu," mtu mmoja akapendekeza.

Sengondo akatikisa kichwa. Mfereji ulikuwa mkavu tangu juu hadi chini, nao ungekunywa kwanza. Theluthi ya ndiva isingefika shamba lolote. Yangetoka yote kwa pamoja yangefika, kwa shamba moja. Ndiva ingejaa tena baada ya siku tano. Maua yangengoja siku tano? Wenye uzoefu walisema pengine, wengine wakasema pengine sivyo. Mawingu mepesi yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya kilele, lakini mawingu Irindi walishayaona mengi.

Mbonea alikuja na bega lake limefungwa. "Mimi si msemaji," alisema. "Kijiti kilionyesha mahali tu, hakikushuka shimoni. Na bila jiwe lile, udongo wa mama Nankondo ungemezwa chini pamoja na maji. Nina mkono mmoja. Shamba hili likikauka, sina wa kunilimia lingine."

Nankondo alisema bila haya. "Mimi nayataka. Shimo la Mbonea bila udongo wangu ni shimo tu, na mashimo hayahifadhi maji. Msimu wangu wote niliuvunja kwa mchi, chungu kimoja kimoja, Sengondo akinitazama. Wenzangu walitoa nguvu, na nguvu hurudi. Mimi maharage yale ndiyo yamebaki."

Kisha akasimama Mama Sengondo, na watu wakashangaa, kwa kuwa walijua marufuku yake. "Mkwe wangu amelala, hawezi kupanda huku," alisema. "Kwa hiyo nasema mimi niliyemzuia. Asingeonja, mngekuwa bado mnabeba udongo wa mbuzi, tena mkijisifu. Huyu angechimba wapi? Yule angevunja vyungu kwa ajili gani? Anakaribia kujifungua, na hawezi kuinua hata kata ya maji."

"Lakini ni nyumba ya mshika kizibo," sauti ikasema kutoka nyuma. "Sheria inasema iwe ya mwisho."

"Sheria inasema nyumba," alijibu Mama Sengondo. "Kiapo kilisema mtu. Nakunda si mtu?"

Wote wakamtazama Sengondo.

Alishuka majini hadi magotini, akaweka mikono yote miwili juu ya gogo. Chini yake mfereji ulionekana mzima, na pale unapogawanyika njia tatu, watu watatu wenye majembe walikuwa wamesimama wakisubiri ishara yake wafungue upande gani. Alimwaza mtoto ambaye hajazaliwa. Akawaza kwamba akimpa mkewe, watasema kizibo kimeoza tangu baba yake afe. Na akimnyima mkewe kwa kuogopa watakayosema, amemnyima haki kwa kosa la kuolewa naye. Akamwona Mbonea ndani ya kifusi, mikono juu. Akamwona Nankondo na mchi. Kwa mara ya kwanza maishani hakutaka kusifiwa na mtu yeyote. Alitaka tu asimdhulumu mtu. Na maji yalikuwepo, safi, yametulia, mengi kuliko walivyoyaona mwaka mzima, na hayo nayo yalimpa moyo. Watu walioweza kuifanya ndiva ile ishike maji wataweza pia kuivumilia hukumu yake, ilimradi iwe ya haki.

Mimi nimemwacha hapo, na maji magotini. Walioko mferejini wanamtazama mkono. Je, ungekuwa wewe, ungemfungulia nani? Na ukishachagua, usikae chini kwanza: niambie wale wawili waliobaki utawaambia nini, ukiwatazama machoni.